Ua uani: nililiua kwa mapenzi!

  Leo nina jambo la kukiri, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho. Mwenzako nimewahi kuua. Usishituke wala usikimbilie polisi. Nilichoua ni ua, na silaha niliyotumia ni mapenzi.

Kisa chenyewe kilianza Septemba mwaka jana. Kulikuwa na binti mmoja, jina lake naliweka kapuni, ambaye mwenzako nilikuwa nimemzimia vibaya sana. Siku yake ya kuzaliwa ikakaribia. Kumpeleka hotelini? Thubutu! Kumnunulia simu? Labda niuze figo. Nikiwa nakatiza barabarani nikawaona wale jamaa wanaouza maua pembeni mwa lami, nikasimama.

Ndipo nikaliona. Kopo dogo la plastiki, majani ya mviringo yamelala kama sahani, yana manyoya laini, na katikati vijiua vya zambarau vyenye kitone cha njano. Dogo, zuri, halina makuu. Nikauliza bei. "Elfu kumi na mbili, braza. Hili la Uholanzi, halipatikani hovyo hovyo." Aliposema Uholanzi nikalipa bila hata kuomba punguzo. Si unajua tena sisi watoto wa mjini tukisikia kitu kimetoka nje!

Binti akalipokea, akalinusa (halina harufu), akatabasamu, halafu akanirudishia. Akaniambia, "Asante, ila mimi natoka asubuhi narudi usiku, litakufa. Kaa nalo wewe unitunzie. Siku likitoa maua mapya nipigie, nitakuja kulitazama."

Mwanangu, ile kwangu ilikuwa zaidi ya mtihani wa kidato cha nne. Na ule mtihani wenyewe unajua nilivyoufanya.

Basi bwana, nikalihudumia lile ua kama mfalme. Mimi napanga chumba kimoja Sinza, nyumba ya wapangaji sita, uani kuna mwembe mkubwa na kuku wa mama mwenye nyumba. Nikaliweka ua juu ya ukuta, mahali penye jua zuri kabisa, maana shuleni tulifundishwa mmea unataka jua. Asubuhi nalimwagia maji kichwani, mchana nalimwagia, usiku kabla sijalala naliongezea kidogo lisije likaamka na kiu. Maji ya kisima hayo, yale ya chumvi chumvi tunayoogea. Wiki ya kwanza maua yakadondoka. Wiki ya pili majani yakatoka mabaka ya kahawia kama nguo iliyounguzwa na pasi. Wiki ya tatu katikati pakawa laini kama ndizi iliyooza.

Nikampigia yule binti, nikamweleza ukweli. Akacheka, halafu akasema kitu ambacho mpaka leo kinanikereketa: "Hata ua limekushinda, mimi utaniweza?"

Msomaji, sikula usiku ule.

Sasa sikiliza Mungu anavyopanga. Wiki hiyo hiyo Bibi yangu mzaa mama akashuka kutoka Muheza. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, kaja mjini kufanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, watu anawatambua kwa sauti. Nikamwachia kitanda, mimi nikahamia kwenye mkeka. Jioni moja nimemkalisha chini ya mwembe, akanisikia nalalamika na mpangaji mwenzangu kuhusu ua langu la Uholanzi.

"Hebu lilete hapa, mume wangu," akasema. (Wale msio na bibi, huo ni utani wa bibi na mjukuu, msije mkaandika barua za malalamiko.)

Nikamwekea kopo mapajani. Akapapasa jani moja ambalo lilikuwa bado zima, akalisugua taratibu kwa kidole gumba kama mtu anayegusa shavu la mtoto mchanga. Akanyamaza. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Uholanzi! Hili si ndilo linaloota kwenye mawe kule mtoni, tulikokuwa tunachota maji! Nani kalipeleka Uholanzi?"

Nilidhani uzee. Nikamkubalia kwa heshima, lakini moyoni nikasema Bibi kachanganya mafaili. Kesho yake nikapita maktaba, nikauliza, nikafunua vitabu. Nilipotoka pale nilikuwa mdogo kama piritoni.

Kumbe Bibi alikuwa sahihi kabisa! Ua hili asili yake ni kwetu, hasa milima ya Usambara na maeneo ya Tanga, na jamaa zake wachache wako milima mingine ya Tanzania na Kenya. Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Mwaka 1892, enzi za ukoloni wa Kijerumani, mtawala mmoja wa huko Tanga aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliliona, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Hannover, Hermann Wendland, akaliandika rasmi na kulipa jina la ukoo wa huyo bwana: Saintpaulia. Bibi zetu waliokuwa wanalipita kila siku na ndoo kichwani, hakuna aliyewauliza wao wanaliitaje.

Kutoka hapo ua likaanza maisha ya ughaibuni. Miaka ya 1920 likaingia Los Angeles, Marekani, bustani moja ya biashara ikaotesha mbegu nyingi na kuchagua aina kumi bora za kuuza. Mwaka 1946 Wamarekani wakaanzisha chama kizima cha wapenzi wa ua hili moja tu! Leo zipo aina maelfu: za pinki, nyeupe, za rangi mbili, zenye ncha za marinda kama gauni la bibi harusi. Mwaka 2015 wataalamu wakalihamisha ukoo, wakaliingiza kwenye kundi la Streptocarpus, lakini madukani bado watu wanaliita Saintpaulia, au 'African violet' kwa wale wa Kizungu. Kwa hiyo mimi, mjukuu wa Muheza, nilitoa elfu kumi na mbili kununua ua la kwa Bibi yangu, kwa sababu tu niliambiwa limetoka Ulaya. We acha tu.

Niliporudi nyumbani nikapiga magoti. "Bibi, shikamoo. Nifundishe."

Somo la kwanza alilonipa ni hili. Kule msituni ua hili haliishi juani hata siku moja. Linaota kwenye majabali, kwenye nyufa, chini ya miti mirefu, karibu na maji. Mwanga linaupata, ila ule unaochujwa na majani ya miti. Kwa hiyo kule juu ya ukuta mimi nilikuwa nimelianika kama dagaa.

Somo la pili: maji. "Hili haliogi," Bibi akasema, "linakunywa kwa miguu." Yale manyoya ya kwenye majani ukiyalowesha na maji yakakaa pale, unapata mabaka, na maji yakituama katikati linaoza. Kule kwao mvua inanyesha kila mara, sawa, lakini jiwe limeinama, maji yanapita na kwenda zake. Mizizi inabaki na unyevu, haiogelei.

Somo la tatu lilinishangaza zaidi. Nilitaka kulitupa lile kopo. Bibi akanizuia. "Jani likiwa zima, ua halijafa." Tukachagua majani mawili yaliyobaki na afya, akanielekeza nikayakata na vikonyo vyake, kikonyo kama urefu wa fundo moja la kidole, kwa wembe mpya, mkato wa mshazari. Nikachomeka vikonyo kwenye kopo la Blue Band nililolitoboa matundu chini, jani lenyewe likabaki juu. Nikalifunika kwa chupa ya maji niliyoikata kitako, ili unyevu usitoroke. Kopo nikaliweka kivulini chini ya mwembe, juu ya tofali, na waya kuzunguka kwa ajili ya wale kuku ambao kwao kila kijani ni chakula.

"Sasa kaa mbali nalo," Bibi akasema. "Wewe tatizo lako ni pupa."

Alifanyiwa upasuaji, akakaa wiki mbili na plasta kwenye jicho, akarudi Muheza. Mimi nikabaki na majani mawili yaliyosimama kama masikio ya sungura. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mpangaji mwenzangu akawa ananiuliza kila asubuhi, "Vipi, mgonjwa kaamka?" Mwezi ukaisha. Siku moja nikavuta jani taratibu, likagoma. Lina mizizi! Nusura nipige vigelegele. Mwezi wa tatu, mwanzoni mwa Januari, vikachomoza vijani vidogo kama sikio la panya pale chini ya jani mama. Vitano jani moja, vitatu jani jingine. Manane kutoka kwenye majani mawili, msomaji wangu, na yale majani niliyapata bure kutoka kwa marehemu!

Vilipofikia ukubwa wa sarafu nikavitenganisha, kila kimoja na kopo lake. Na hapa wewe unayetaka kujaribu chukua kalamu, maana najua wapo watakaonisimamisha kwenye daladala kuniuliza.

Udongo usiwe ule mzito wa mfinyanzi wala mchanga mtupu wa Dar. Mimi nilichanganya majani yaliyooza ya chini ya mwembe, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuoshwa, na vipande vidogo vya mkaa na kokoto ili maji yapite. Kopo liwe dogo. Ukiliweka kwenye ndoo litakuza mizizi na kulowana bure. Ukubwa wa kopo uwe kama theluthi moja ya upana wa ua lenyewe, majani yakiwa yametanda.

Maji weka kwenye kisahani chini ya kopo, liache linywe kama nusu saa, kisha yanayobaki mwaga. Usirudie mpaka udongo wa juu ukauke ukiugusa kwa kidole. Maji ya kisima yenye chumvi achana nayo, kinga ya mvua. Mimi nina dumu langu chini ya bati, na kwenye msimu wa mvua wapangaji wenzangu wananiona kichaa nakimbia nalo. Na maji yawe ya kawaida, usilimwagie ya friji.

Kivuli nacho kinahama, hili wengi hatulifikirii. Hapa Dar, Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Kona yenye kivuli kizuri leo inaweza kuwa kikaangio miezi sita baadaye. Zungusha macho, hamisha kopo mapema. Ukiona majani yanasimama juu na vikonyo vinarefuka kama yanachungulia, mwanga hautoshi. Ukiona yanapauka au yanatoka mabaka makavu, mwanga umezidi.

Mbolea, kidogo mno. Usilimwagie ile ya mahindi. Na ukiona vidudu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo, chovya pamba ya kijiti kwenye spiriti, gusa kimoja kimoja.

Nisikudanganye kwamba yote manane yalipona. Joto la Januari mpaka Machi hapa mjini lilinitesa. Ua hili linapenda hali ya ubaridi kidogo, nyuzi ishirini na kitu, na sisi tunapita thelathini bila wasiwasi. Mawili yalilegea yakafa. Moja kuku alipita katikati ya waya, sijui alipitaje, akalimaliza kwa dakika moja, na mama mwenye nyumba akaniambia, "Pole baba, lakini kuku hajui kusoma." Yakabaki matano. Nikayasogeza nyuma ya mtungi wa maji, kwenye ukuta usiopigwa na jua, sakafu nikawa nailowesha mchana kupunguza joto. Kilichonitia moyo ni kwamba vitabu vinasema hata karibu na Tanga mjini, kwenye majabali ya chokaa yasiyo mbali na usawa wa bahari, maua haya yaliota. Nikasema kama ndugu zake waliweza joto la Tanga, haya ya Sinza yatajikaza.

Moja nikalipa mtihani mkubwa zaidi: nikalitoa kwenye kopo na kulipanda uani kabisa, kwenye ufa kati ya mawe niliyoyapanga kwa kuinama chini ya mwembe, kama kwao. Masika ikapiga. Maji yakateremka kwenye mawe, ua likabaki limeshikilia.

Julai mwaka huu, kipupwe kimeingia, asubuhi naamka kupiga mswaki nikaona kitone cha zambarau pale kwenye mawe. Msomaji, nilisimama na povu mdomoni kama dakika tano. Miezi tisa kamili tangu nilipochomeka yale majani. Hesabu mwenyewe ni mimba ya nini.

Nikapiga simu. Ndiyo, kwa yule binti. Ahadi ni deni. Akaja Jumapili, kapendeza, akainama kwenye mawe, akaangalia muda mrefu. Akasema, "Kweli umeweza." Aliponyoosha mkono kugusa jani nikaiona pete. Anaolewa Desemba. Nikampa moja la kwenye kopo awe nalo kwenye nyumba yake mpya, nikamwandikia na karatasi ya maelekezo: kivuli, maji kwa chini, usizidishe. Alipoondoka nikakaa chini ya mwembe kidogo. Siwezi kusema sikuumia. Ila ningekuwa na uongo ndani yangu kama nisingekiri kwamba hata yeye, enzi zile, nilikuwa nampigia simu mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na kabla sijalala.

Wiki iliyofuata Bibi akarudi kwa ajili ya jicho la pili. Safari hii lile la kwanza linaona. Hakutaka hata kunawa uso, akaniambia nipeleke. Akachuchumaa pale kwenye mawe, mkono kiunoni, akalitazama ua.

"Ndilo," akasema. "Rangi yenyewe ndiyo hii. Nilikuwa nimeanza kuisahau."

Nikamuuliza kama kule mtoni bado yapo. Akachelewa kujibu. Akasema upande wa juu ya jabali miti ilikatwa watu wakalima, jua likaingia, mwaka wa kwanza majani yakaungua, uliofuata hayakuwepo tena. Hakuna aliyeyang'oa. Yaliondolewa kivuli tu.

Msitu wa Amani umehifadhiwa tangu 1997, na ndani yake maua haya bado yapo. Lakini maua yenyewe yanaota vipande vipande, kundi dogo hapa, jingine kule, na aina nyingine ziko sehemu chache mno duniani. Panapofyekwa jabali moja, inawezekana aina nzima imeguswa. Kwa hiyo ukienda kutembea huko, nakuomba kama ndugu yako, usirudi na ua ndani ya mfuko wa rambo. Likiwa porini liache. Haya ya madukani yamezaliana vya kutosha. Omba jani moja kwa mwenye nalo, linatosha.

Na kama uko jirani na Sinza, mimi ninayo. Siuzi. Jani moja kwa mtu, na masharti ni mawili: usiliweke juani, na usilihudumie kama nilivyolihudumia mimi lile la kwanza.

Bibi kaondoka juzi, macho yote mawili yanaona. Kabebeshwa kopo moja mapajani kwenye basi, kalishikilia mpaka Muheza. Anasema atalipanda nyuma ya nyumba, chini ya mfenesi, mahali ambapo hakuna mtu atakayekata mti yeye akiwa hai.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na wewe mwenye ua juu ya ukuta, hebu nenda kaliteremshe sasa hivi!